Kifundo cha mama na shamba la parachichi

Mwaka jana familia yetu nusura igombane kwa sababu ya kifundo kimoja cha mguu. Kifundo ni cha mama, mwenye miaka 63, anayeishi nje kidogo ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Mjomba, ambaye yuko Dar es Salaam, alisikia kwamba siku hizi kifundo kilichosagika hutolewa na kuwekwa cha bandia. Akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: tuuze shamba la parachichi, mama apelekwe India.

Kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari za afya, wote walinigeukia. "Wewe uliyesoma, tuambie."

Nilianza na historia ya mguu wenyewe. Mzee akilalamikia viungo huwa tunasema ni umri au baridi, na baridi ya Rungwe mnaijua. Goti kweli husagika sana kwa umri na uzito. Kifundo cha mguu ni tofauti, mara nyingi chanzo chake ni jeraha la zamani. Mtu huvunjika au huteguka vibaya, gegedu linalozuia mifupa isisuguane likaumia siku hiyo, kisha likaendelea kulika kimyakimya kwa miaka mingi.

Mama aliteleza mwaka 1998 akishuka mteremko na mkungu wa ndizi kichwani. Fundi wa mifupa alimfunga kwa vijiti na vitambaa, na baada ya miezi mitatu akarudi shambani. Mfupa uliunga, ila uliunga umepinda. Maumivu makali yalikuja miaka 20 baadaye. Akawa anameza diklofenaki za duka la dawa kila siku ya soko, mpaka tumbo likaanza kumchoma.

Kifundo bandia kipo kweli. Upasuaji huo ulianza miaka ya 1970, na vifundo vya mwanzo vililegea mapema hata madaktari wengi wakaviacha. Vya sasa ni bora zaidi: chuma juu, chuma chini, plastiki ngumu katikati. Hata hivyo kifundo ni kiungo kidogo kinachobeba mwili mzima, na ngozi inayokifunika ni nyembamba, hivyo kidonda kinaweza kuchelewa kupona. Njia nyingine ni kuunganisha mifupa kwa skrubu hadi iwe kitu kimoja. Kiungo hakikunji tena, na kwa kuwa hakisogei, hakisuguani.

Ipi bora? Uingereza walizilinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 303 wa miaka 50 hadi 85, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja, pande zote mbili zilikuwa zimepata nafuu kubwa, na katika kutembea na kusimama hapakuwa na tofauti ya kutosha kusema hii imeshinda ile.

Nilipomsomea mjomba, alijibu kwa neno moja: "Uza."

Tukaenda Mbeya, mama na mimi, kumwona daktari wa mifupa. Kijana yule alimwamkia, "Shikamoo mama," kisha akauliza jambo ambalo kwenye kundi letu halikuwa limeulizwa: "Siku yako huwa inaendaje?"

Mama akaeleza. Choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Ng'ombe anakamuliwa alfajiri. Ndoo ya maziwa inapandishwa mlima hadi barabarani, ndani ya gambuti, kwenye utelezi. Kanisani anapiga magoti.

Daktari hakumficha. Mifupa ikiunganishwa, tambarare atatembea vizuri, lakini kuchuchumaa na kupanda milima kutakuwa kugumu, na viungo vya jirani vitabeba mzigo zaidi. Cha bandia kingemwachia mkunjo kidogo, ila kinaweza kulegea, na kikilegea anahitajika mtaalamu wa kukifungua upya.

"Kikilegea nitarudi India kwa Kosta?" mama akauliza. Daktari akacheka, lakini swali lilikuwa zito. Hapa nchini Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hubadilisha nyonga na magoti. Jirani zetu Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, walianza mwaka 2005 daftari la kitaifa la kufuatilia viungo bandia, kwa sababu kiungo bandia huhitaji kuangaliwa miaka mingi baada ya upasuaji.

Mama alichagua kuunganisha. Aliomba iwe Julai, mvua zikiwa zimekwisha, maana magongo na matope havipatani. Atakaa na hogo kwa takriban miezi mitatu. Tuliuza ndama mmoja tu. Tumeshajenga choo cha kukaa na ngazi zenye mahali pa kushika, na mdogo wangu ndiye atakayepandisha ndoo ya maziwa.

Mjomba hakufurahi, na ninamwelewa. Mama ndiye aliyemsomesha kwa pesa za maziwa hayohayo, na India ilikuwa njia yake ya kulipa. Mama alimpigia mwenyewe. "Ndaga fijo, mdogo wangu. Shamba liache. Uje Julai unipikie." Amekata tiketi ya basi.

Kama nyumbani kwenu kuna mzazi anayechechemea, mwulizeni kama aliwahi kuumia mguu huo. Eksirei ipigwe akiwa amesimama, ili nafasi ya kiungo ionekane ikiwa imebeba uzito. Fimbo aishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Viatu vigumu vinavyokumbatia kifundo na kupunguza uzito huwasaidia wengi kuahirisha kisu. Na dawa za maumivu zisiwe za kujinunulia kila siku, zinaumiza tumbo na figo.

Kijana naye akianguka na bodaboda, kifundo kikavimba na akashindwa kukanyaga hatua nne, apelekwe kupigwa eksirei siku hiyohiyo. Mama alisubiri zaidi ya miaka 20 kujua kwamba mfupa wake uliunga vibaya.