Mkaa Bado Haujashika

Siku ya kujaza fomu ya mradi wa mwaka wa mwisho, wenzangu wengi wa fizikia waliandika umeme wa jua. Mimi nikaandika plazima inayojipasha joto yenyewe. Jioni geto, mwenzangu akipepea jiko kwa kipande cha boksi, akaniuliza, "Sasa hiyo itawaka lini?" Nikamwambia 2039. Alicheka mpaka boksi likamdondoka.

Ili anielewe nikaanzia kwenye jiko hilohilo. Mkaa ukiwa haujashika, ukiacha kupepea moto unazima. Ukishashika, unajiendeleza. Mashine za sumaku za kuunganisha viini vya atomu bado ziko kwenye kupepea. Mwaka 1997 mashine ya JET, Uingereza, ilitoa megawati 16 huku ikipashwa joto kwa megawati kama 24. Deuteri na triti zikiungana, nyutroni hukimbia na asilimia 80 hivi ya nishati. Kiini cha heliamu hubaki ndani na asilimia 20, kikiwapasha wenzake joto. Joto la heliamu likizidi lile linalotoka nje, hapo mkaa umeshika. ITER, inayojengwa kusini mwa Ufaransa, imepangwa kupashwa kwa megawati 50 na kuzalisha 500. Piga hesabu: heliamu itachangia 100, yaani mara mbili ya pepeo.

Shida ni muda. Wazo hili Gorbachev na Reagan walilizungumza Geneva mwaka 1985. Baadaye Marekani ikajitoa. Mwaka 2002 wanasayansi walikutana Snowmass, Colorado, wakalinganisha mashine tatu za kwenye karatasi: ITER, FIRE na IGNITOR. Marekani ikarudi ITER mwaka uliofuata, mkataba ukasainiwa 2006. Plazima ya kwanza ilitarajiwa 2016, ikasogezwa 2025. Mwaka 2024 wakatangaza upya: utafiti uanze 2034, deuteri na triti ziingie 2039.

Lakini tarehe siyo iliyonitisha. FIRE na IGNITOR hazikujengwa kabisa. Kuna watu walizichora na kuzipigia hesabu kwa miaka, halafu basi. Nilipolijua hilo nilitaka kwenda kufuta fomu. Sisi tuliosomeshwa kwa kuuza ng'ombe hatuna miaka ya kutupa.

Kilichonizuia ni maswali yao. Heliamu yenye kasi inaweza kuchochea mawimbi ndani ya plazima, na mawimbi hayo yakaitupa nje kabla haijapasha joto. Wa FIRE walilazimika kuliwaza hilo, wa ITER vilevile, na leo wanaojenga SPARC kule Massachusetts, mashine ndogo yenye sumaku kali zaidi, nao wanalo. Mashine imebaki kwenye karatasi, swali limehamia kwa mwingine. Hata mimi nimelipata huku, bila mashine yoyote.

Fomu sikuifuta. Ikifika 2039 nitakuwa nakaribia arobaini, na huenda tarehe ikasogezwa tena. Kwa sasa nina miezi minane, kompyuta ya maabara inayokwamakwama, na wimbi moja la kupigia hesabu. Mwenzangu naye ameshatoa uamuzi: wali ukiiva tule, ya Ufaransa yatangoja.