Usukani Bila Tanga

Gari halina tanga, halina mlingoti wala nanga, lakini lina usukani. Jambo hili tumelizoea hata hatulioni. Motokaa zilipoingia pwani yetu, ziliingia na majina ya viungo vyake: injini, gia, klachi, breki, rejeta, boneti. Tuliyapokea, tukayatia irabu pale yalipohitaji irabu, tukaendelea na safari. Lakini lile duara analolishika dereva kwa mikono miwili hatukuliazimia jina kwa mwenye gari. Tuliteremka pwani tukachukua neno la manahodha, ambalo nalo lilikwisha kutufikia zamani kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya ubao wa nyuma unaokigeuza chombo majini. Ubao ukawa duara, bahari ikawa lami, na neno likabaki lile lile.

Wala usukani hauko peke yake. Nauli ni neno la watu wa vyombo kabla halijawa la makondakta wa daladala. Shehena ilikuwa ya jahazi kabla haijawa ya lori. Kuegesha ni kukisogeza chombo mpaka kikae ubavuni pa gati au pa chombo chenzake, na leo kila mji una maegesho ya magari. Hata sheria zetu zinapoyataja magari na pikipiki kwa pamoja huviita vyombo vya moto. Tafakari, msomaji, uzuri wa jina hilo: chombo, kama ngalawa, lakini kinachosukumwa na moto badala ya upepo. Ndiyo maana gari letu huwashwa na kuzimwa kama jiko au kandili.

Haya yote nilikuwa nikiyajua kwa akili. Niliyajua kwa masikio mwezi wa Julai mwaka jana, nilipomwendesha ami yangu kutoka Mpendae hadi ncha ya kaskazini ya Unguja, kisha hadi ncha ya kusini, kwa siku moja, katika Mercedes-Benz yake kuukuu.

Ami alianza ujana wake kwa ubaharia wa majahazi, kisha akahamia nchi kavu akawa dereva kwa zaidi ya miaka thelathini. Gari ni 240D ya mwaka 1982, ya umbo lile la mraba ambalo Wajerumani walilitengeneza tangu mwaka 1976 hadi katikati ya miaka ya themanini, magari zaidi ya milioni mbili na nusu. Ni la dizeli. Ukigeuza ufunguo huna budi kungoja taa ndogo ya manjano izimike ndipo upige stata, na ami hutumia muda huo kusema bismillahi. Lilimfikia kwa jahazi kutoka Ghuba, mkono wa ndugu aliyehamia huko, usukani wake ukiwa upande wa kushoto, katika nchi ambayo magari hupita kushoto.

Watu wa rika lake wanalikumbuka neno Wabenzi, lililozagaa Afrika Mashariki baada ya uhuru kuwabeza wakubwa waliokuwa wakipita katika magari ya aina hii huku wananchi wakitembea kwa miguu. Ni kejeli yenye sarufi safi: ngeli ile ile ya Wahadimu na Watumbatu imepewa kabila jipya, ambalo mtu huzaliwa ndani yake siku anaponunua gari na kufa siku anapoliuza. Ami hakuwahi kuwa Mbenzi kwa maana hiyo. Gari lake lilibeba maharusi wa Mpendae, wajawazito usiku wa manane, maiti mara mbili au tatu, na magunia ya mchele wa sikukuu. Lilidumu kwa sababu kila kazi yake moja ilipokwisha lilipata nyingine.

Safari hii ilikuwa na sababu. Ami ana presha ya macho, na daktari amekwisha kumwambia kwamba nuru iliyokwenda haitarudi. Nyumbani hakuna mwingine wa kulitunza gari, paa linavuja, na wajukuu wanadaiwa ada. Alikubali liuzwe. Alichoomba ni kwamba kabla ya hapo alizungushwe kisiwa, yeye akae kiti cha abiria. "Mwanangu," aliniambia, "nataka niiage gari yangu ikiwa njiani, si ikiwa imeegeshwa."

Naomba walimu wa sarufi wasimsahihishe. Kamusi inasema gari langu, nami huandika hivyo. Mjini Unguja watu husema gari yangu, na ami hawezi kuliita la kwake kwa namna nyingine.

Tulitoka alfajiri. Karibu na Amani tulikwama katika foleni, na nilipotaka kumweleza kilichotokea akanitangulia: "Tumepwelewa." Chombo hupwelewa maji yanapokupwa na kukiacha mchangani, na hapo hakuna la kufanya ila kungoja maji yajae. Nimeisoma kwingi mijadala ya namna ya kuiita foleni kwa Kiswahili fasaha. Sikuwahi kukutana na pendekezo hili.

Tulipofika Bububu alinikumbusha reli iliyoanza kufanya kazi hapo mwaka 1905 na kung'olewa kabla yeye hajazaliwa. Babu yake ndiye aliyemsimulia habari za gari la moshi. Hilo nalo ni jina letu wenyewe: gari, neno lililotoka Bara Hindi likiwa na maana ya mkokoteni wa ng'ombe, likaunganishwa na kile ambacho jicho lilikiona kwanza.

Usukani ukiwa kushoto, dereva haoni kinachokuja mbele anapotaka kulipita gari jingine. Kwa kawaida aliyekaa kulia humtazamia. Aliyekaa kulia kwangu haoni. Kwa hiyo kati ya Mahonda, Kinyasini na Mkwajuni hatukupita kitu isipokuwa magari mawili ya ng'ombe, na daladala zote zilitupita sisi. Ami hakujali. Alikuwa ameshusha kioo, uso wake upande wa dirisha, akisikiliza. "Upepo uko tezi," alisema. Tezi ni nyuma ya chombo. Julai ni wakati wa kusi, na kusi ilikuwa ikitusukuma kutoka nyuma.

Hapo ndipo nilipozindukana na jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa lugha angepaswa kulikumbuka kila asomapo ramani. Kaskazini ni kunakotoka kaskazi, kusini ni kunakotoka kusi. Mikoa yetu miwili ya mashamba, Kaskazini Unguja na Kusini Unguja, imepewa majina ya pepo mbili zilizokuwa zikiyaleta na kuyarudisha majahazi. Vibao vya barabarani vinazungumza lugha ya tanga, nasi tunavipita tukidhani ni jiografia tu.

Nungwi bado kuna mafundi wanaounda vyombo pwani kwa tezo na keke. Tulimsalimu mmoja, tukaombwa tukae kivulini. Ami alikishika chombo kilichokuwa kikiundwa akaenda nacho kwa viganja, akitaja: hanamu, mkuku, mataruma, fashini. Fundi alikuwa akiitikia kila neno kama mtu anayeitikia dua. Kando alikuwapo kijana mvuvi aliyekuja na taabu yake, na taabu yake haikuwa na neno hata moja kati ya hayo: mashine yake ya boti ilikuwa haiwaki, na gia ilikuwa ikiteleza. Barabara ilikopa kwa bahari, sasa bahari inakopa kwa barabara. Sikusikitika, maana lugha iliyo hai haina daftari la madeni. Ila niliona kwamba kijana yule, mtoto wa pwani, aliyasikiliza maneno ya wazee wale wawili kama mimi ninavyosikiliza Kiajemi.

Tulipogeuza, ami alisema ule usemi ambao wengi wetu tunauandika pasipo kuuona: hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Omo ni mbele, tezi ni nyuma, ngama ni tumbo la chombo mnamokusanyika maji. Kwake yeye haikuwa methali. Ilikuwa maelezo ya mahali.

Baada ya adhuhuri tulielekea kusini, na mambo yakabadilika. Kutoka Tunguu upepo ulikuwa unatujia usoni, na gari, ambalo halina nguvu nyingi, lilianza kulalama. "Sasa tunabisha," alisema ami. Mshairi ayapime maana yake neno hili. Anayekataa kauli hubisha. Anayegonga mlango hubisha hodi. Na nahodha anayekipeleka chombo dhidi ya upepo, mara huku mara kule, naye hubisha. Maana mbili za kwanza kila mtoto wa Mpendae anazo. Ya tatu nilikuwa nimeiona kamusini tu. Hapo katika mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, katikati ya msitu wa Jozani, madereva wote wakipunguza mwendo kwa ajili ya kima punju, niliisikia ikitumika kwa mara yangu ya kwanza.

Rejeta ilipoanza kuvuja tukasimama Kitogani. Ami alitaka kujua maji yanatokea wapi. "Goshini au demani?" Goshini ni upande unaopokea upepo, demani ni ule wa pili, na majina yanatokana na kamba na pembe za tanga. Ilibidi nitoke nje, nisimame, niusikilize upepo, ndipo nimjibu. Ilikuwa demani. Tukalijaza maji, tukaenda.

Kizimkazi Dimbani tuliswali alasiri katika msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Maandishi yale yamedumu zaidi ya miaka mia tisa, kwa kuwa yamechongwa katika jiwe na jiwe likatunzwa. Lakini wanaoyasoma ni wataalamu. Usukani haukuchongwa popote, na kila mtu anaujua. Nchi hiyo ya kusini ndiyo nchi ya Kikae, lahaja ambayo Haji Chum aliikusanyia msamiati wake wa pekee katika kitabu kilichotoka mwaka 1994. Kazi kama hiyo ni sadaka inayoendelea, na heri angekuwapo mtu wa namna hiyo kwa kila kijiji. Hata hivyo kamusi ni jiwe la Kizimkazi kwa namna yake: huhifadhi neno, haliajiri. Neno huishi likipata kazi. Yale ya bahari yaliyopata kazi barabarani, usukani, nauli, shehena, kuegesha, yamevuka salama. Mengine yamestaafu pamoja na mabaharia, nayo yanasubiri nuru ya mwisho ya wazee kama ami: goshi, demani, tweka, pwelewa, na ile maana ya tatu ya kubisha.

Nani basi wa kuyapa kazi? Fundi wa gereji hana haja nayo. Mtangazaji ana haraka. Sisi washairi ndio tuliobaki, na sisi wenyewe mara nyingi tunayatumia kama mapambo ya ukale: tunalitia tanga katika ubeti wa mapenzi kwa kuwa waliotutangulia walilitia, ilhali hatujawahi kuushika mkono wa mtu aliyelitweka. Ami alinifundisha njia nyingine pasipo kukusudia. Hakulitumia hata neno moja kwa kumbukumbu. Aliyatumia kwa foleni ya leo, kwa rejeta ya leo, kwa upepo uliokuwa ukimpiga usoni saa ile. Kwake halikuwapo neno la kale, ilikuwapo hali iliyohitaji kutajwa.

Gari liliuzwa mwezi wa Agosti. Mnunuzi aliitaka injini tu, kuifunga katika boti, na bodi ikaenda kwa watu wa vyuma chakavu. Alipouliza kama kuna kasoro, ami alimjibu kwamba rejeta inavuja upande wa demani. Mnunuzi akanitazama mimi nimfasirie. Nikamfasiria, akacheka, akalirudia neno mara mbili kabla ya kuhesabu fedha. Paa limekwisha kuezekwa. Ami sasa hukaa barazani, naye bado hujua upepo uko wapi.

Ninao ubeti mmoja tu kutokana na safari ile. Nauweka hapa kwa wenye tungo zao wanijibu, na kila mwenye neno la chombo ambalo bado linafanya kazi kwao, awe wa Pemba, Mafia, Mvita au Lamu, alitaje pamoja na kazi linayoifanya:

Usukani mkononi, na tanga sikulitweka,
Kusi yavuma usoni, kwa kubisha nimefika,
Aliye goshini nani, demani nani kashika?
Neno likiwa kazini, halifi wala kuchoka.