Likizo Yangu Dutwa, na Wasio na Likizo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Zangu zinakwisha leo, nikiwa nyumbani Dutwa, wilayani Bariadi. Mizigo nimekwisha kuifunga, na siku nzima nimeitumia kukaa chini ya mwembe, jambo ambalo watu wa taaluma yangu hulionea aibu bila sababu.

Ni utulivu wa mwisho wa Septemba katika nchi ya Wanyantuzu. Pamba imekwisha kuuzwa, masalia yake yameng'olewa na kuchomwa, na mashamba yamebaki udongo mtupu unaosubiri mvua. Mara chache husikika basi kwenye barabara iendayo Lamadi, kisha kimya kinarudi.

Mgeni angeweza kudhani kwamba hii ndiyo likizo ya wakulima. Mama yangu, aliyekwisha kuvuka miaka 70, yuko mkekani tangu asubuhi akichambua dengu, na kabla ya hapo alikwisha kuteka maji. Huu ni wakati wa kuezeka, kukata kuni na kupima kwa macho kama michembe iliyomo ndani itafika hadi mavuno yajayo. Mimi nikikaa, mshahara unaingia. Wao wakikaa, hakuna kinachoingia.

Alasiri alikuja jirani, mzee wa rika la marehemu baba. Baada ya salamu ndefu za kwetu, aliniuliza: "Mwanangu, siku zote hizi ulizokaa hapa, wanakulipa?" Nikamjibu kwamba wananilipa. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Sisi hulipwa na mvua," akasema, "nayo hukawia."

Alikuwa mpole kwa kuitaja mvua peke yake. Msimu wa 2019 mvua haikuwa na kosa. Bei ya chini ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wakakaa miezi wakingoja fedha za jasho lililokwisha kutoka. Hakuna mhadhiri ambaye angekubali kufundisha kwa utaratibu wa namna hiyo. Nami nimesomeshwa kwa zao hilohilo: ada yangu ilitoka kwenye pamba ya mama, kilo baada ya kilo.

Tofauti kati yetu haiishii kwenye siku 28. Nitakapostaafu, mfuko wa hifadhi ya jamii utanilipa pensheni, kwa sababu nilikuwa na mkataba na mwajiri. Mama hakuwa na mwajiri, ingawa pamba aliyolima iliiletea nchi fedha za kigeni. Atastaafu lini? Kwa sasa jibu ni kwamba atastaafu mikono itakapokataa, na baada ya hapo atawategemea watoto. Wako wazee wasio na watoto wa kuwategemea. TASAF husaidia, lakini husaidia kaya zilizopimwa na kuonekana maskini sana. Si haki inayokuja na umri.

Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alivua samaki, alilima karafuu au alikuwa karani. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa shilingi zake 2,000. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Nilipomsimulia mama habari za Zanzibar, hakuuliza kiasi. Aliuliza kama fedha hiyo huletwa hata mwaka wa njaa.

Najua hoja itakayoletwa: Bara ni kubwa na wazee ni wengi. Ni kweli. Basi ianzwe kwa waliofikisha miaka 80, au kwa mikoa miwili, kisha umri ushushwe kadiri bajeti inavyoruhusu. Baadhi yenu mnaosoma hapa ndio mnaoandaa makadirio ya wizara. Vikao vya bajeti ijayo havijaanza, na kifungu kimoja cha majaribio hakihitaji sheria mpya ili kiandikwe.