Yadi 6 si metre 6



Mtu akipima njia ya treni yetu hapa Katanga, kutoka chuma kimoja mpaka kingine, atakuta milimetre 1067. Sababu gani namba ya ajabu vile, na sisi tunapimaka kwa metre? Ni kwa sababu ile reli ilitoka kusini, kwa Waingereza wa Rhodesia, ikafika Lubumbashi mwaka 1910. Wao walipima futi 3 na inchi 6. Futi moja ni inchi 12, basi futi 3 ni inchi 36. Ongeza 6, ni 42. Inchi moja ni milimetre 25,4. Zidisha: utapata 1066,8. Ndiyo ile 1067.

Wengine watasema: hiyo ni kazi ya watu wa reli. Hapana! Inaingia mpaka sokoni. Vikwembe vinauzishwa kwa yadi: piesi kubwa ni yadi 12, ndogo ni yadi 6, na ile ndogo inatoa vikwembe vitatu vya yadi 2. Yadi moja ni futi 3, ni kusema inchi 36, ni kusema santimetre 91,44.

Mwaka huu sisi wakubwa wa kalasi ya sita tulipewa kazi ya kununua vikwembe vya kwaya. Wasichana wako 30. Mama mshonaji alisema: kila mmoja metre 2. Mama wa sokoni alisema: piesi 10 za sita-sita zinatosha. Hesabu ilionekana nzuri, 60 kwa 60. Lakini mbele ya kutoa pesa ya wazazi tuliuliza: sita ya nini? Akajibu: yadi, watoto wangu, siku zote ni yadi.

Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema kipimo chake. Lakini tazameni: yadi 6 ni metre 5,49 tu. Ukikata metre 2 mara mbili, inabaki metre 1,49. Kwa hiyo piesi 10 zingevalisha wasichana 20, na 10 wangekaa bila nguo siku ya sikukuu, mbele ya wazazi waliokwisha kulipa.

Tulirudi kwa mama mshonaji na kamba ya yadi 2, ndiyo metre 1,83. Akapima mmoja mmoja. Wasichana 26 iliwatosha. Warefu wane walihitaji metre 2 kamili. Piesi 9 kwa wale 26, piesi 2 kwa wale wane: jumla 11. Tuliomba wazazi pesa ya piesi moja tu zaidi, si tano. Vipande vilivyobaki vikawa vitambaa vya kichwa.

Wadogo zetu, shikeni namba tatu: inchi 12 ni futi, futi 3 ni yadi, inchi moja ni santimetre 2,54. Ile ya mwisho haina mabaki, maana Marekani, Uingereza na nchi zingine ine zilipatana hivyo mwaka 1959. Na mama akikutuma sokoni, mtu akikuambia «sita», usifungue mkono bado. Uliza kwanza, kwa heshima: sita ya nini, mama?