Kipaza Sauti Kidogo Kilichonyamaza

Katika nyumba kadhaa za parokia yetu vipaza sauti vya kale, vyenye sanduku la mbao, vingali vinatumika. Ndani ya sanduku mna kipaza kikubwa cha sauti nene, na kidogo cha sauti nyembamba, ambacho mafundi hukiita twita. Twita ikinyamaza, muziki hauzimiki, lakini wasikika kama mtu anayesema amejifunika blanketi. Ukiweka sahani ya Missa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958 na waimbaji wa Kamina, hata herufi «s» ya Sanctus inapotea.

Mzee mmoja wa mtaa wetu aliambiwa na mwuzaji: «Tupa vyote viwili, nunua vipya.» Fedha hakuwa nazo. Tukamwomba tuvipime kwanza.

Tuliviunga na ampli nyingine. Twita zote mbili zikakaa kimya. Basi kosa lilikuwa ndani ya sanduku. Tukazima umeme, tukaondoa nyaya za twita, tukapima kwa chombo cha kupimia umeme. Twita ya ohm 8 iliyo nzima huonyesha karibu 6. Ya kwanza ilionyesha 6: kumbe haina kosa! Kilichoharibika ni kondansateri iliyo mbele yake, izuiayo sauti nene na kupitisha nyembamba. Ilikuwa imekauka kwa uzee. Tukaweka mpya ya kipimo kile kile, na twita ikaimba.

Ya pili chombo hakikuonyesha kitu: waya wake mwembamba ulikuwa umeungua na kukatika. Hapo wengi hununua nyingine, basi. Lakini ni nini kilichoiunguza? Mzee alieleza kwamba siku ya arusi vijana walifungua sauti hadi mwisho. Watu hudhani ampli kubwa tu ndiyo huunguza. Sivyo. Ampli ndogo ikilazimishwa kupita nguvu zake, hukata vilele vya mawimbi ya umeme, nayo twita hupokea umeme mwingi kuliko iwezavyo kuvumilia. Sauti ikianza kukwaruza, ipunguzeni mara moja. Wala msiunge twita bila kondansateri. Sauti nene itaiua.

Mzee alinunua twita moja na kondansateri mbili tu, akabaki na vipaza vyake.

Ndugu, hata nyumbani mwetu twafanya haraka kumhukumu mdogo aliyenyamaza. Yafaa kumpima kwanza. Na tukimkuta ameumia kweli, tuulize nani alimtwika mzigo ule.