Dar hadi Ruhembe: Bora Uende Paris!

Haya msomaji wangu, leo tupige hesabu ya kijiweni. London hadi Paris ni kilomita kama 340 kwa angani. Ndege inatumia saa moja na robo hivi. Asiyetaka ndege anapanda Eurostar, treni iliyoanza mwaka 1994 kupita chini ya bahari, na kwa saa mbili na dakika ishirini hivi keshafika, anatafuta kahawa.

Njoo kwetu sasa. Dar hadi Mikumi ni kilomita karibu 300. Kunja kushoto, fuata njia ya Kidatu na Ifakara hadi Ruhembe, unapata 320 na ushee. Ni ileile tu! Lakini muulize kijana wa Ruhembe anayebangaiza Kariakoo, simu ya msiba ikiingia alfajiri kwamba mazishi ni saa 10 jioni, kama atawahi kutupa udongo.

Basi la saa 12 asubuhi kutoka Mbezi halitakiwi kuzidi 80 kwa saa, na penye makazi ya watu ni 50. Chalinze malori, Msamvu watu wanashuka kuchimba dawa, halafu hifadhi. Barabara inaipasua Hifadhi ya Mikumi kilomita kama 50, matuta kibao, na mabango yanakutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga. Twiga hana habari na msiba wako, bwana. Mikumi mjini unaingia saa 6 mchana mambo yakienda vizuri, kisha unasubiri gari ijae. Njia ya Kidatu ina lami, tushukuru, ila ukiiacha ni bodaboda katikati ya miwa, na trekta la miwa halina haraka.

Treni ya umeme je? Tangu Juni 2024 inakufikisha Morogoro kwa saa mbili hivi, kisha unadaka basi. Safi sana, kama umepata tiketi siku hiyohiyo.

Reli nyingine ndiyo kichekesho. TAZARA inapita Kidatu, na reli ya zamani ya kutoka Kilosa inaishia hapohapo. Moja ina upana wa milimita 1,067, nyingine 1,000. Kwa milimita 67 tu, mabehewa hayapitani! Mwaka 1998 ikabidi pawe na kituo cha kuhamishia mizigo.

Na ndege ipo, usicheke. Kikoboga, ndani ya hifadhi, kuna kiwanja. Ndege ndogo za watalii zinatua. Ila nauli yake ni rambirambi ya mtaa mzima, na ukishuka bado hujafika Ruhembe.

Kwa hiyo mshikaji, ukipigiwa saa 11 alfajiri, usioge, kimbilia Mbezi. Ukipigiwa saa 4 asubuhi, waambie wazee ukweli wasikusubiri. Utayakuta matanga.