Kabati, Verni na Pumzi ya Mwanafunzi

Tukitaja mila zetu za Uvira, wengi hukumbuka ngoma, mahari, uvuvi wa ndagala na mausia ya wazee. Ni wachache wanaoikumbuka atelye ya mbao. Lakini tangu Kavimvira mpaka Kalundu, msichana akiolewa, kabati la vyombo halikosi kutajwa. Ndilo linalosimama sebuleni na sahani za wageni. Na mgeni akiingia, haulizi kwanza ni mbao gani. Macho yake yanakwenda kwenye mng'ao. Kwa hiyo kupaka verni si pambo tu la mwisho. Hapo ndipo heshima ya fundi inapopimwa.

Sisi tuliokulia katika parsele zenye atelye, tuliiona kazi hiyo ikifanywa kwa mkono. Mzee alipiga msasa akifuata nyuzi za mbao, akafuta vumbi, kisha akachukua kitambaa chenye pamba ndani, kilichokunjwa mfano wa yai. Akakichovya katika gomlake iliyoyeyushwa kwa alkoli, akazungusha mkono pole pole, safu juu ya safu, siku kadhaa. Fremu za milango na madirisha alizipaka kwa brashi na rangi ya mafuta. Mwanafunzi akitaka kumaliza upesi, aliambiwa: "Mbao haina haraka, weye njo uko na haraka."

Siku hizi kitambaa kile kimepisha pistole na kompresere. Inafaa tujue chombo hiki kimetoka wapi. Katika miaka ya 1880, huko Toledo, Marekani, mganga wa koo aliyeitwa Allen DeVilbiss alitengeneza kifaa cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa. Mwanawe Thomas, mwanzoni mwa karne ya 20, akakigeuza kiwe cha kupulizia rangi. Katika miaka ya 1920 ikaenea verni ya nitroselulosi, inayokauka kwa dakika chache, kwanza kwenye viwanda vya motokari, halafu kwenye samani. Ndiyo kusema, chombo kilichozaliwa ili kuponya koo kilifika katika atelye zetu kikiwa na kazi nyingine kabisa.

Hatukidharau. Fundi anayekijua anashika pistole kiasi cha sentimita 20 kutoka kwenye ubao, anaanza kutembeza mkono kabla ya kufyatua, na kuachia baada ya kupita ukingo. Kila mstari unafunika nusu ya ule uliotangulia. Mkono unakwenda sambamba na ubao, hauchori upinde kama wa mtu anayefagia. Anapulizia safu nyembamba, anaacha ikauke, anapitisha msasa laini, kisha anarudia. Akipulizia nzito, verni inatiririka kama machozi. Akiwa mbali mno, matone yanakauka hewani na kabati linakwaruza mkono. Na asipotoa maji yaliyojikusanya ndani ya tangi la kompresere, yatatoka na verni.

Lakini ziwa letu nalo lina sheria zake. Mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na maji ya Tanganyika. Mchana upepo unatoka ziwani kupanda mlimani, usiku unageuka. Kiangazi unaleta vumbi, na vumbi linanata juu ya verni mbichi. Masika hewa imejaa unyevu: diliani, yale maji makali ya kulegezea verni, inaporuka upesi inaupoza ubao, umande unatua juu yake, na kabati jekundu linageuka jeupe kama limemwagiwa maziwa. Ndiyo maana mafundi wetu wazuri wanaangalia mbingu mbele ya kufungua mkebe.

Lililo zito zaidi ni la mahali. Atelye nyingi ziko nyumbani. Baada ya mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba nyingi, wengine walijibana zaidi: kabati, jiko na watoto katika parsele moja ndogo. Mvuke wa diliani ni mzito kuliko hewa; hauruki juu, unatambaa chini mpaka kwenye mbabula ya mama anayepika bugali. Cheche moja inatosha.

Na penye moto pana pumzi pia. Kwa kitambaa, verni ilibaki mkononi. Kwa pistole, sehemu kubwa haitui kwenye ubao, inabaki hewani, na wa kwanza kuivuta ni kijana aliyeshika taa na kugeuza milango ya kabati. Mwaka 1989 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka kazi ya upakaji rangi kati ya kazi zinazosababisha kansa. Kashene ya kitambaa tuliyoizoea wakati wa Korona haizuii mvuke. Inatakiwa barakoa yenye chujio za makaa. Bei yake ni kubwa kwa fundi mdogo, tunakubali. Ila ni ndogo kuliko mapafu.

Kuna wanaosema kwamba pistole imeua mila. Sisi hatuoni hivyo. Gomlake nayo ilitoka mbali, Asia, na ikawa yetu kwa sababu wazee waliizungushia adabu: saa ya kuanza, mahali pa kukaa, lililokatazwa. Pistole ilikuja bila adabu zake, na kazi ya kuzitunga imebaki kwetu. Kupulizia kufanyike nje, chini ya paa lisilo na kuta, mpulizaji akiwa upande upepo unakotoka. Mbabula izimwe, watoto waende kwa jirani. Mwenye barakoa awe ndiye anayekaa karibu, na mwanafunzi asimame mbali mpaka atakapopata yake.

Bwana mwenye atelye, kijana uliyekabidhiwa na mama yake si kompresere ya pili. Alikuja kuchukua ufundi ili siku moja naye afundishe. Akiondoka kwako na kifua kibovu, ufundi huo umekatika, hata kama kabati linang'aa kama ziwa asubuhi.